Sala ya Mwenye Nguo Nyeusi

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wateja wanapopungua, mimi hufungua kalenda ya masomo ya kanisani, nikasoma somo la kesho, kisha nikaandika sala. Nimefanya hivyo kwa miaka tisa. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, na kazi hii ya sala niliianza kwa hasira. Padri aliyekuwapo wakati ule alikuwa akitutumia sala alizozitoa kwenye mtandao, ndefu, zimejaa "ewe" na "uliye", na siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba sala zile hazina mtu ndani yake. Akanijibu kwa upole kwamba basi niandike mimi. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Nikaandika, na ndani ya kila sala nikatia mtu. Somo likiwa la mpanzi, nilimwombea mkulima wa mchicha ambaye mvua ilizoa mbegu zake mara mbili katika mwezi mmoja. Somo likiwa la kiwete, nilimwombea mzee mmoja wa Mji Mkongwe anayepanda ngazi za nyumba yao kwa makalio, ghorofa tatu, kwa sababu hataki kulala chini kama mgonjwa. Saa kumi na mbili asubuhi niliituma sala kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, na watu wakaanza kujibu Amina. Waliniambia kwamba sala zangu zinawagusa. Nilipenda sifa, sitaficha. Kuna siku nilikuwa nashona huku nimeiweka simu mapajani ili nizihesabu Amina zinavyoingia.

Sasa, Wakristo wa Unguja ni wachache, na jumuiya yetu ni watu arobaini na kidogo. Sote tunajuana, na tunajua nani amehama nyumba, nani amegombana na shemeji yake na nani amebadilisha miwani. Ukisema kwetu "mtu mmoja", watu hawaulizi ni nani, wanatazamana tu. Hilo nililijua vizuri tangu utoto wangu, na bado nilifanya nilichofanya.

Mwishoni mwa vuli alikuja dukani mwanamke kijana wa jumuiya yetu, ameolewa miaka minne, anafanya kazi kwenye maktaba ya chuo huko Tunguu. Alileta kitambaa cheusi na kuniomba nimshonee gauni refu, pana, la mtindo wa baibui, lenye bitana mbili za ndani kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilimwambia kwamba kwa joto hili atajipika. Hakucheka. Aliingia kwenye kona ya kupimia, akavuta pazia, akaniita, na humo ndani akaniambia.

Alikuwa akitoka damu siku ishirini katika mwezi, na wakati mwingine zaidi. Ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Daktari mmoja alimwambia kwamba ana uvimbe katika mfuko wa uzazi, na kwamba huenda mfuko wote ukatolewa. Mtoto hakuwa amepata bado. Mama mkwe wake, anayekaa Mbweni, hakuwa akimuuliza moja kwa moja, lakini kila Jumapili alikuwa na habari mpya ya mjukuu wa fulani. Mumewe alijua tu kwamba mkewe huumwa na tumbo. Wakilala, yeye hulala upande wa ukutani na kuondoka kitandani kabla ya mumewe.

Aliniomba nisimwambie mtu. Alisema atamwambia mumewe mwenyewe kabla ya Pasaka, ila bado anatafuta maneno, kwa sababu yakitoka vibaya mara ya kwanza hayatarudi. Niliapa. Nilimshonea magauni matatu na nilizificha bitana zile kwa ufundi wangu wote, hata ukizitazama kwa ndani usingeelewa ni za nini.

Wiki chache baadaye maneno yakaanza. Mke wa Mkristo anavaa baibui kila siku kwenda Tunguu, basi anataka kusilimu, na kama anataka kusilimu basi kuna mwanamume. Mama mkwe aliyaamini kabla ya wote. Siku moja wanawake wawili wa jumuiya waliyasema dukani kwangu wakati nampima mmoja wao kifua. Nilikuwa na pini tatu mdomoni, na pini hizo ndizo zilizonizuia. Lakini nilikasirika, na hasira yangu haiishi siku ile ile. Huwa naibeba mpaka nipate pa kuitua.

Nikapata. Mwezi wa pili, Jumatatu mchana, nilifungua kalenda na somo la kesho yake lilikuwa la yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akapenya katikati ya watu akagusa pindo la vazi. Mimi nimekunja pindo maisha yangu yote. Sikufikiri hata dakika mbili. Niliandika hivi:

"Bwana, mtazame dada yetu anayevaa nyeusi kila siku katika joto hili. Hana msiba, wala hahami dini. Anaificha damu isiyokoma. Utufumbe midomo sisi tunaomsema, na yeye umpe nafasi aguse pindo la vazi lako kabla nguvu hazijamwishia. Amina."

Niliisoma mara tatu na nikaona sijawahi kuandika sala nzuri kama ile. Sikutaja jina. Nilijiambia kwamba pasipo jina hapana mtu. Ukweli ni kwamba wakati naandika nilikuwa naziona nyuso za wale wanawake wawili tu. Nilikuwa nawajibu wao, na Mungu nilimweka juu ya barua kama anwani. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nikaituma.

Saa mbili nilifungua duka. Jirani yangu, bibi wa Kiislamu anayeuza vitambaa, huniletea chai kila asubuhi na kunitaka nimsomee nilichoandika, maana anasema anapenda maneno yaliyopangwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda. Nikamsomea. Hakusifu kama kawaida yake. Alikiweka kikombe chini.

"Huyu si yule wa Tunguu anaekuja kwako kushona nyeusi?" aliniuliza.

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Hakunambia mtu. Mie ndie nliemuuzia kitambaa." Kisha akanitazama. "Sasa siri ya mwenzio umeitolea nini nje, mwanangu?"

Niliichukua simu. Amina zilikuwa ishirini na sita. Mama mkwe alikuwa ameitika mapema, lakini hilo halikunitisha sana, kwa sababu yeye, kama wengi wetu, ni mtu wa kuandika Amina kabla ya kusoma. Mmoja aliuliza kwenye kundi ni nani huyo tumsaidie, na hakuna aliyemjibu. Kutojibiwa kule kulinitisha, kwa sababu nilijua majibu yanapitia kwenye simu za watu mmoja mmoja. Nilitaka kuifuta sala, na kidole kilikuwa tayari juu ya kioo, lakini nilijua kwamba ujumbe ukifutwa kundini alama yake hubaki, na walioisoma bila kuelewa wangeuliza kwa nini imefutwa, na walioelewa wangewaambia. Nikaiacha.

Na siku hiyo ilikuwa siku ya jumuiya kusali pamoja. Saa kumi alasiri tulikuwa tukutane Mbweni, nyumbani kwa mama mkwe yule yule. Kwetu sala ya siku husomwa na mwenye nyumba, na husomwa mara mbili: mara ya kwanza tuisikie, kisha tunyamaze kidogo, na mara ya pili tuiombe. Mimi ndiye niliyeileta desturi hiyo.

Nilimpigia yule mwanamke kijana, simu yake haikupatikana. Nikafunga duka, nikaenda Tunguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na nilipomwona yote yakapotea. Alikuwa anapanga vitabu kwenye rafu, amevaa gauni langu. Alikuwa ameshaisoma. Watu wanne walikuwa wamemtumia pole asubuhi ile, ndiyo maana aliizima simu.

"Sikutaja jina," nilimwambia. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na mpaka leo naona aibu kwamba halikuwa neno la radhi.

Alikiingiza kitabu mahali pake, akatafuta kingine. Nikaendelea kujitetea. Nilisema watu walikuwa wakimsema vibaya, na mimi nilitaka kuwaziba midomo. Nilisema ile ilikuwa sala, kwamba nilikuwa nasema na Mungu.

"Mungu alikuwa anajua," alisema. "Mimi nlikwambia wewe."

Aliuliza jumuiya inaanza saa ngapi, ingawa alijua. Mumewe anafanya kazi bandarini, na akiwa kazini huiacha simu kwenye kabati. Huitazama akitoka, saa tisa. Ilikuwa saa nne na nusu. Alisema ataomba ruhusa aende bandarini akamsubiri mlangoni, amwambie mwenyewe kabla hajaishika simu. Hakuwa na maneno bado, alisema, lakini atayatafuta njiani. Nilitaka kufuatana naye. Alinikatalia bila kuinua sauti.

"Wewe nenda Mbweni. Hiyo sala isisomwe."

Nilifika Mbweni saa nane, kabla ya watu wote, nikamkuta mama mkwe anapanga viti sebuleni. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba sala ya leo sikuiridhia, kwamba niliiandika kwa haraka, na kwamba nimemletea nyingine. Na kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya karatasi ya vipimo, na ilikuwa inamwombea kila mgonjwa wa dunia nzima. Aliipokea, akaitazama kwa mbali, akanirudishia. Alisema sala ya siku ni sala ya siku. Alisema amengoja zamu ya kusoma tangu mwaka jana, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba iliyotumwa asubuhi haibadilishwi.

"Unaona haya na kazi yako, fundi?" aliniuliza, na akacheka kidogo.

Ningeweza kumwambia sababu. Lakini kumwambia sababu kulikuwa ni kumwambia siri yenyewe, tena kabla ya mwanawe. Nikajaribu hila. Nilimsifu mwenzake mmoja anavyosoma vizuri, nikamwambia ampishe yeye kwa leo. Akakunja uso. Nikamwambia macho yake yapumzike. Akaniambia macho yake ni mazima. Watu wakaanza kuingia, wale wanawake wawili wakiwamo, na niliona walivyokaa pamoja na walivyonyamaza waliponiona. Kufikia saa kumi kasorobo nilikuwa nimetoka nje mara tatu kutazama njiani. Hapakuwa na mtu.

Saa kumi akaanza. Wimbo, somo, kisha akavaa miwani na kuishika simu mbali na uso. Alisoma sala yangu yote kwa sauti ya kusomea watu, polepole, akiyapendezesha maneno, na nilimtazama kinywa nikajua kwamba haisikii. Alikuwa anasikia sauti yake tu. Alipomaliza tukanyamaza kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilimwomba Mungu simu yake iishiwe na chaji. Hiyo ndiyo sala yangu ya pekee ya siku ile iliyotoka moyoni.

Mume na mke waliingia katikati ya ukimya ule. Yeye mbele, katika gauni jeusi, na mumewe nyuma yake, bado na viatu vya kazini. Niliutazama uso wa mwanamume nikashindwa kuusoma. Nikamtazama mke, na yeye hakunitazama. Hawakukaa. Watu wakavuta miguu kuwapisha, na wao wawili wakabaki wamesimama ukutani.

Mama mkwe aliwaona, akaitikia kwa kichwa, akaanza kusoma mara ya pili. "Bwana, mtazame dada yetu anayevaa nyeusi kila siku katika joto hili." Hapo akasita. Aliinua macho juu ya miwani, akalitazama lile gauni kuanzia shingoni mpaka chini, akarudi kwenye simu, na midomo yake ikawa inasoma peke yake, bila sauti, mpaka ilipofika kwenye damu. Mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa ameinamia mapaja yake. Nilitamani nisimame niseme kitu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mdomo haukufunguka.

"Malizia, mama," mwanawe alimwambia. "Mie nshaambiwa."

Nilidhani mkewe amemuwahi kabla hajaishika simu. Nilimshukuru Mungu pale pale, kwenye kiti, na nilipoitikia Amina niliitikia kwa sauti kuliko wote. Mama mkwe alimaliza kusoma, akaiweka simu juu ya meza, akamwendea mkwewe na kumshika mkono, na sauti yake haikuwa ile ya kusomea watu alipomuuliza tangu lini. Akajibiwa ni mwaka juzi. Mama akakaa chini kwenye mkeka palepale alipokuwa amesimama, akasema kwamba yeye alikuwa akimsema kwa watu. Jumuiya ile haikufungwa kwa wimbo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mumewe alimpeleka hospitali wiki ile ile, mama akiandamana nao. Uvimbe ukatolewa na mfuko wa uzazi ukabaki. Kabla ya Pasaka alikuwa ameanza kuvaa rangi, na watu walisimama kanisani kutoa ushuhuda juu ya nguvu ya sala. Sala yangu ilisambazwa mpaka Pemba na mpaka Bara. Padri wa sasa alinisifu mbele ya watu wote, na mumewe akaja dukani na mkungu wa ndizi kunishukuru. Mkewe hakuja. Kanisani alikuwa akikaa upande wa pili, na sala ile iliposifiwa alikuwa akitazama mbele.

Nilivumilia mwezi mmoja, kisha nikaenda kwake. Nilitaka kuombwa nikae, nipewe chai, tuyamalize. Nilimwambia kwamba ninajua nilikosa, lakini tumshukuru Mungu angalau mume aliyapata kutoka kinywani mwake.

Ndipo aliponieleza. Siku ile alisimama kwenye mlango wa bandari tangu saa sita mpaka saa tisa juani. Mumewe alipotoka alimwambia kwamba anajua, kabla mkewe hajafungua kinywa. Saa tano mwenzake wa kazini, ambaye mkewe yuko jumuiya yetu, alikuwa amemshika bega mbele ya wachukuzi na kumpa pole ya mgonjwa. Mumewe alikuwa amemuuliza mgonjwa gani. Maneno aliyoyatafuta mwaka na nusu, aliniambia, alirudi nayo nyumbani.

Nilimwambia nitaandika sala ya toba, niitume kwa wote, nijiseme mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyepona.

"Usiniandike tena," alisema. "Hata kwa kuniomba radhi."

Nimeendelea kuandika, kwa sababu watu wanaingoja ile sala na mimi sijui kuacha. Lakini simtii mtu ndani. Ninaomba kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri, wajane, wote kwa jumla, na wameanza kuniambia kwamba sala zangu siku hizi zimepoa. Huwaambia ni uzee. Sifa za ile moja bado nazipokea kwa kuinamisha kichwa, kwa sababu kuzikataa ni kueleza, na kueleza ni kumtoa nje tena.

Haya ninayoandika sasa niliyaandika kwanza kwa ajili yangu, kwenye daftari. Yalikaa miaka mitano. Mwaka huu alikuja dukani kushona sare ya mwanawe wa kwanza anayeanza chekechea, wala sikujua kwa nini amenichagua mimi, na sikumuuliza. Alipokuja kuichukua nilimpa daftari na penseli. Nilimwambia asome, na akitaka alichane. Alikaa kwenye kigoda akasoma yote bila kuinua kichwa, mtoto akicheza na vifungo sakafuni. Alifuta jina la daktari. Alifuta jambo moja alilolisema mumewe njiani, ambalo hamtalijua. Akarudi kwenye ukurasa wa Tunguu, pale nilipokuwa nimeandika kwamba alilia kati ya rafu za vitabu, akapiga mstari, akautilia nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Sikulia mimi," aliniambia. "Ulilia wewe."